Msiulaumu Mlima wa Sondu, Dizeli Inaishia Tambarare

Muulize dereva anayevuta trela kwa pikapu kutoka Kisumu kuelekea Kisii ni wapi dizeli yake inapokwisha. Atakuonyesha mwinuko wa Nyakach, pale barabara inapoachana na tambarare ya Kano baada ya Katito na kuanza kupanda kwenda Sondu. Hapo gari huunguruma, moshi ukatoka, gia zikashushwa, na mshale wa joto ukaanza kutazamwa kwa wasiwasi. Dereva akifika sokoni Sondu anapumua, ananunua nanasi, na kuanzia siku hiyo anausimulia mlima ule kama mwizi wa mafuta.

Mlima hauna kosa. Nimeipiga hesabu hii kwa njia kadhaa na kila mara inaniletea jibu lilelile: anayevuta trela kwenye barabara hiyo hupoteza mafuta mengi zaidi kati ya Kisumu, Ahero na Katito, mahali ambapo gari linaenda kimya na yeye mwenyewe anajisikia raha. Safu hii ni ya kuonyesha kwa nini, kwa takwimu ambazo msomaji anaweza kuzirudia kwenye kikokotoo cha simu.

Kwanza tujue tunazungumzia trela gani. Huko Marekani na Australia, trela ya kulala ni nyumba kamili juu ya magurudumu: kitanda, jiko, wakati mwingine hata choo. Kwetu ni chache, na nyingi huonekana likizoni zikielekea ufuo wa ziwa, Mbita, Rusinga au mbuga ya Ruma. Trela za kienyeji zenye hema ni za namna nyingine kabisa. Ijumaa jioni ukisimama Katito utaona pikapu za kukodisha hema na viti zikienda kwenye matanga, jenereta na spika zikiburutwa nyuma kwenye trela iliyochomelewa na fundi wa jua kali. Mtalii na mwenye hema za matanga hawajuani, lakini hewa haibagui. Zote mbili ni ukuta unaovutwa na pikapu, na kanuni zinazoamua mafuta yao ni zilezile.

Tuchukue mfano mmoja tuendelee nao. Pikapu ya dizeli yenye viti vya nyuma, abiria na mizigo yao, tani 2.1. Trela ya kulala ya sanduku refu, tani 1.2. Jumla tani 3.3. Dizeli lita moja ina nguvu ya takriban megajuli 36, na injini nzuri inayofanya kazi ya kutosha hufikisha karibu theluthi moja tu ya hiyo kwenye magurudumu, yaani megajuli 12. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, vitu viwili vinalirudisha nyuma. Kimoja ni tairi, ambazo hujikunja na kujikunjua kila zinapozunguka. Kwa uzito wa tani 3.3 kwenye lami ya kawaida, tairi zote kwa pamoja huvuta nyuma kwa nguvu ya kama kilo 40. Trela peke yake inachangia kilo 14 katika hizo. Kitu cha pili ni hewa. Pikapu peke yake kwa mwendo huo hukutana na upinzani wa hewa wa kama kilo 29. Ukiifunga trela refu nyuma yake, upinzani unafika karibu kilo 62.

Tazama tena tarakimu hizo. Uzito wa trela umeongeza kilo 14, ukuta wake umeongeza kilo 33. Watu wanaopima mizigo kwa mizani kabla ya safari, wakaacha mtungi wa gesi nyumbani ili kupunguza kilo 20, wanashughulika na kidogo na kuacha kikubwa. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kilo 45 za ziada ndani ya gari huongeza matumizi kwa asilimia 1 hivi. Wizara hiyohiyo inasema sanduku kubwa butu juu ya paa, hata likiwa jepesi, linaweza kula asilimia 10 hadi 25 ya ufanisi wa gari kwenye barabara kuu za mwendo wa juu. Hewa haiulizi uzito. Inauliza upana, urefu wa kwenda juu, na mwendo.

Sasa twende mlimani. Kutoka tambarare hadi Sondu, tuchukue tofauti ya mita 350. Kuinua tani 3.3 kwa kimo hicho kunahitaji megajuli 11.3, yaani pungufu kidogo ya lita moja ya dizeli. Kwa bei ya shilingi 170 kwa lita, ambayo nitaitumia katika safu hii yote, mlima mzima wa Sondu unamgharimu mwenye trela kama shilingi 160. Sehemu ya trela peke yake katika gharama hiyo haifiki shilingi 60. Hilo ndilo jambazi linalosimuliwa.

Kwa nini basi mlima unatisha? Kwa sababu unadai kwa ghafla. Mahali ambapo barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100, mvutano wa ardhi juu ya tani 3.3 hufika karibu kilo 200, mara tatu na zaidi ya upinzani wote wa hewa tuliouona. Injini lazima ijibu hapo hapo, na sikio la dereva linasikia. Lakini nguvu kubwa kwa muda mfupi na matumizi makubwa kwa safari nzima ni mambo mawili tofauti. Mto Sondu wenyewe unashuka kwenye mwinuko huohuo wa Nyakach. KenGen inayachepusha maji yake kupitia handaki la zaidi ya kilomita 6 na kuyaangusha kwenye mitambo ya Sondu Miriu inayozalisha megawati 60, kisha maji hayohayo yanazungusha mitambo ya Sang'oro kupata megawati 21 nyingine. Mwinuko huo una nguvu kwa sababu maji yanayoushuka ni mengi na hayakatiki mchana kutwa. Pikapu inaupanda mara moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo madereva hulisikia kinyume. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikipewa mzigo wa kutosha kwa mzunguko wa wastani. Ikivuta trela mlimani kwa mizunguko kati ya 1,800 na 2,500 kwa dakika, kila lita inatoa kazi nyingi kuliko inapokuwa imepewa kazi ndogo mjini au ikinguruma bure kituoni. Kelele za Nyakach ni sauti ya injini iliyo katika ufanisi wake bora. Kosa la kweli mlimani ni kung'ang'ania gia ya juu hadi injini ianze kutetemeka na kutoa moshi mweusi. Moshi huo ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Shusha gia moja mapema, uache injini izunguke.

Wenye injini za zamani zisizo na turbo wanapaswa kujua pia kwamba ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari linalojivuna Mombasa litakuwa mnyonge Sondu hata kabla ya kufungwa trela. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Na kuna nafuu ndogo: hewa nyembamba pia hupinga kidogo, kwa hiyo ukuta uleule wa trela ni ghali zaidi kuuvuta Mariakani kuliko Ahero.

Turudi tambarare, kwenye pesa yenyewe. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka 80 hadi 100 kwa saa umeongeza mwendo kwa asilimia 25, lakini upinzani umeongezeka kwa asilimia 56. Kwa trela yetu refu, kilo 62 zinakuwa 97. Ukizigeuza kuwa mafuta kwa kilomita 100, hewa peke yake ilikuwa inakula lita 5 kwa mwendo wa 80, na sasa inakula karibu lita 8. Tofauti ni lita 3, shilingi 510. Umeshapanda mlima wa Sondu mara tatu bila kuona kilima chochote.

Na umepata nini? Dakika 15 kwenye karatasi. Barabarani hata hizo huzipati, kwa sababu kati ya Kisumu na Sondu kuna matuta, kuna vivuko vya shule, kuna boda boda wanaoingia bila kutazama, na kuna mipaka ya kilomita 50 kwa saa mijini. Unayempita kabla ya Ahero utamkuta amesimama nyuma yako Katito.

Matuta yanahitaji aya yake. Tani 3.3 zikiwa kwenye mwendo wa 80 zimebeba nguvu ya mwendo ya megajuli 0.8. Ukikanyaga breki mpaka karibu kusimama, nguvu hiyo yote inageuka kuwa joto kwenye breki, na itabidi uinunue upya kwa dizeli. Vituo 14 vya namna hiyo vinalingana na kuupanda mlima wa Sondu mzima. Sijayahesabu matuta ya njia hiyo, maana yanazaliana, lakini hakuna anayeijua barabara atakayeniambia hayafiki 14. Dereva anayeacha pedali ya mafuta mita 200 kabla ya tuta, trela ikapungua mwendo yenyewe, anaokoa kiasi ambacho hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi itakayomwokolea. Hizo dawa, kwa njia, ziacheni dukani.

Kisha kuna upepo wa ziwa. Mchana jua likiipasha moto nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kuingia tambarare ya Kano. Anayetoka Kisumu kwenda Ahero alasiri unamsukuma mgongoni. Anayerudi anakutana nao usoni. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikupiga uso kwa uso huku unaenda 80, trela yako inahisi mwendo wa 100, na bili ni ya 100, ingawa mshale wa dashibodi unakuambia wewe ni mtu mstaarabu. Wenye trela refu wakiweza kurudi Kisumu asubuhi, kabla upepo haujaamka, watakuta tofauti kituo cha mafuta.

Wauzaji wa magari hawatakuambia haya, na si lazima wawe wanadanganya. Tarakimu ya uwezo wa kuvuta, ile ya tani 3 au 3.5 inayotajwa kwa majivuno, inajibu swali jingine. Marekani kipimo chake kinaitwa SAE J2807: gari hufungwa trela na kupandishwa mwinuko wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4, kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho, ili ionekane kama linaweza kushika mwendo bila kuchemka. Kipimo hicho kinauliza kama gari litafika juu. Hakiulizi litakunywa kiasi gani. Matumizi rasmi ya mafuta yanayoandikwa kwenye karatasi za gari hupimwa bila trela kabisa. Hata pikapu za umeme, ambazo hazina dizeli ya kupoteza, majaribio mengi ya Marekani yamezikuta zikipoteza karibu nusu ya masafa zikivuta trela refu ya kulala. Ukuta ni ukuta.

Ndiyo maana umbo la trela ni muhimu kuliko aina ya pikapu. Trela inayokunjwa, ambayo hema lake hulala chini likiwa safarini na kusimamishwa kambini, hujificha nyuma ya kebini. Kwa mwendo wa 80 upinzani wa pamoja unakuwa kama kilo 36 badala ya 62. Hiyo ni lita 2 kwa kila kilomita 100, kila safari, kwa maisha yote ya trela. Mwenye hema za matanga anaweza kupata nafuu hiyohiyo bila kununua chochote: nguzo na viti vilazwe vikiwa chini ya usawa wa paa la pikapu, turubai lifungwe kwa kamba lisipigepige, na spika zile ndefu zilale ubavu. Wafanyabiashara wa mananasi na ndizi wa Sondu, pamoja na wa viazi vitamu kutoka Kabondo, wanaujua ustadi wa kupanga mzigo kuliko mhandisi yeyote, ila ustadi wao umeelekezwa juu. Gunia mbili za juu kabisa, zile zinazopita kebini, ndizo zinazokutana na upepo. Zikihamia kwenye trela fupi ya nyuma, uzito ni uleule na mafuta yanapungua.

Kuhusu kushusha mlango wa nyuma wa pikapu ili hewa ipite: usijisumbue. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya karai la pikapu na kutengeneza mto ambao hewa nyingine huteleza juu yake.

Upepo wa tairi ni jambo dogo lakini la bure. Wamarekani wanakadiria hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote. Trela ndizo zinazosahauliwa, zinakaa miezi chini ya mwembe halafu zinafungwa usiku wa safari. Tairi laini ya trela hupoteza mafuta kidogo na kupasuka sana.

Na kushuka je? Hapa nitakuwa mkali. Madereva wengi wakitoka Sondu kuteremka Katito huweka nyutro, wakiamini gari halili mafuta. Kwenye dizeli ya kisasa inayoongozwa kwa kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, injini hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kunyunyiza dizeli ili isizime. Kwa hiyo unapoteza mafuta, na umejinyima breki ya injini huku tani 1.2 zikikusukuma mgongoni. Watengenezaji wengi wanaweka mpaka wa kilo 750 kwa trela isiyo na breki zake yenyewe. Trela ya tani 1.2 bila breki kwenye mteremko wa Nyakach ni kosa hata kama dereva ni hodari. Hakikisha pia karibu asilimia 10 ya uzito wa trela inalalia kishikio cha nyuma ya pikapu. Mzigo ukirundikwa mkiani, trela huanza kuyumba kwa kasi, na kuyumba huko humalizikia mtaroni. Na iandikishwe kwa NTSA ipate namba yake, ile inayoanza na herufi Z. Trela haina haki ya kuazima namba ya gari linaloivuta.

Nimesema lita 5 na lita 8 za hewa; usizichanganye na matumizi yote. Ukijumlisha tairi, matuta, kiyoyozi na injini kunguruma bure, pikapu ya mfano wetu peke yake itatumia lita 8 au 9 kwa kilomita 100 kwa mwendo wa 80, ikivuta trela refu 11 au 12, na kwa mwendo wa 100 utaikuta kwenye 14 na zaidi. Usiniamini, pima. Jaza tangi mpaka bomba likatike lenyewe, andika kilomita, nenda, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena vilevile, gawanya. Tarakimu ya dashibodi usiitegemee peke yake, mara nyingi ina matumaini kupita kiasi. Pima pia kwa mzigo. Mwenye hema akitumia lita 12 kwa safari moja na trela, huenda ameepuka safari mbili za lita 9, na trela inayolaumiwa imemwokolea lita 6.

Kwa anayekwenda Homa Bay na trela, njia ni mbili kutoka Katito: kukunja kuelekea Kendu Bay ukifuata ufuo, au kupanda Sondu na kupitia Oyugis. Wengi huchagua ufuo kwa kuogopa mlima, kisha wanakimbia 100 kwa sababu barabara ni tambarare. Wametoroka gharama ya lita moja na kulipa tatu kwa kila kilomita 100. Mimi ningechagua kwa kigezo cha hali ya lami, umbali na kama nahitaji nanasi. Mlima usiwe sababu.

EPRA itatangaza tena bei tarehe 14 ya mwezi, na hakuna mwenye pikapu atakayeulizwa maoni yake. Mwendo wa 80 na kimo cha trela bado viko mikononi mwetu. Basi ombi langu ni kwa mafundi wa kuchomelea wa Kisumu na Ahero wanaopokea oda za trela kabla ya likizo: mteja akija na picha ya trela ya Kizungu kwenye simu, mwambieni aje na pikapu yake. Pimeni kimo cha paa lake kutoka chini, mwandike ukutani, na msikate chuma chochote kitakachopita hapo.